Umejipima masikio kwa tableti na majibu hayaeleweki? Anza na sikio ambalo halikuwa zamu yake

Kuna fundi cherehani nilimpima, mtu mzima kanizidi kama miaka ishirini, na kabla hata sijafungua begi akaniambia sikio lake la kulia lilikufa utotoni, aliugua matubwitubwi likazima na halijawaka tena. Sawa. Nikamvalisha hedifoni, nikampa tableti aishike mapajani, nikamwonyesha pa kubonyeza, mashine ikajiendesha yenyewe. Ikatoa majibu (namba ikiwa kubwa, maana yake mlio ulibidi uwe mkubwa ndo asikie): kushoto desibeli 10, safi, kulia desibeli 60 karibu kwenye milio yote, na chini imeshauri apate mashine ya kusikia ya sikio la kulia. Fundi aliposomewa akacheka mpaka akakohoa. "Kijana, hilo sikio hata ukilipigia baruti haliamki."

Na kweli. Tableti ilikuwa imeibiwa mtihani. Kila mlio wa kulia ulipofika desibeli 60 ulitikisa fuvu kidogo, ukavuka kwa mfupa mpaka ndani ya sikio la kushoto, na kushoto ndo aliyekuwa anabonyeza. Darasani tulikuwa na mtu wa hivi, hesabu hajui ila anakaa na anayejua, matokeo yakitoka wote wamepata. Mwalimu anayewajua anaweka daftari katikati yao. Kwenye kupima masikio hilo daftari ni kelele: sikio zima unalipigia shaaa lishughulike nayo, halafu sikio bovu lijibu peke yake. Wenyewe wanaita maskingi, mi wagonjwa wangu nawaambia tu "nalizuga hilo zima" na wanaelewa hapo hapo.

Kwa hiyo ukiona majibu ya ajabu kwenye hivi vipimo vya kujipima, usikimbilie kulaumu sikio linalopimwa wala betri. Jiulize sikio la pili lilikuwa linafanya nini muda ule.

Namba chache ubaki nazo kichwani maana tutazirudia. Hedifoni za kukaa juu ya sikio, mlio unaweza kuanza kuvukia upande wa pili ukizidi desibeli 40 hivi (watu wengi fuvu lao linazuia mpaka 50, 60, ila huwezi kujua wa kwako linazuia ngapi kwa hiyo unahesabu 40). Iafoni za sponji zinazoingia ndani ya tundu zinazuia zaidi, unahesabu 55. Kile kidude cha kutetemesha mfupa kinachowekwa nyuma ya sikio kinazuia sifuri, ukikiweka kulia kushoto nako kumesikia.

Na hili sio tatizo la juzi lililokuja na simu. Georg von Békésy alishatengeneza mashine ya kujipima mwaka 1947, mtu anashika kitufe, akisikia anabonyeza na mlio unapungua, asiposikia anaachia na mlio unapanda, kalamu inachora yenyewe. Baadaye, 1961, akapata Nobel kwa kazi yake ya koklea, ile sehemu ya ndani kabisa ya sikio inayopokea mtetemo na kuupeleka kwenye ubongo. Mashine zimebadilika sana tangu hapo, fuvu ni lile lile.

"Sikio bovu limetoka sio baya sana"

Ndo ya fundi. Dalili yake ni hii: sikio moja zima kabisa, lingine limekaa kwenye 50 mpaka 65, na ukichora mistari miwili unakuta wa chini unafuata mapindo ya wa juu kama kivuli. Zima likishuka kidogo kwenye mlio wa hezi 4000, na bovu linashuka pale pale. Hicho ni kivuli kweli, unamwona mtu yule yule mara mbili.

Tofauti yake sio ndogo. Kwa mgawanyo wa Shirika la Afya Duniani uliotoka kwenye ripoti ya 2021, sikio la 50 mpaka chini ya 65 ni sikio ambalo mashine ya kusikia inalisaidia. Sikio la 95 kwenda juu ni uziwi kamili, hapo unamvalisha mtu kitu cha bei mbaya kipige kelele kwenye nyumba isiyo na mtu.

Cha kufanya, angalia kama maskingi iliwashwa. Mashine ziko za aina tatu. Kuna zinazopiga kelele kwenye sikio la pili muda wote kwa kila mlio, ile AMTAS ya Robert Margolis wa Minnesota inaenda hivyo, haijiulizi kama inahitajika au haihitajiki, inazuga tu. Kuna zinazopima kwanza masikio yote bila kelele halafu zinarudi nyuma kurudia pale zilipotilia shaka. Na kuna apu nyingi tu za simu ambazo hazizugi kabisa, zinapima kulia zinapima kushoto kwaheri. Halafu kuna ile ya kwangu, yenye maskingi ndani lakini mtu wa mwisho kuitumia alikuwa anapima watoto wa shule haraka haraka akaizima kwenye setingi, na mi sikuangalia.

Kama huna mashine nyingine karibu, kuna njia ya mkono na inafanya kazi. Mtu akae, we simama nyuma yake umbali wa mkono ulionyooka asikuone mdomo. Sikio lake zima weka kidole kwenye kile kinundu cha mbele ya tundu, kibonyeze kizibe tundu na uwe unakisugua sugua kwa kuzungusha, ule mkwaruzo ndo kelele yako. Toa pumzi yote kwanza, halafu nong'ona vitu vitatu vilivyochanganywa, "nne, K, mbili", na yeye arudie. Ukiacha kusugua anarudia vizuri, ukisugua anauliza "unasema?", basi hilo lililokuwa linajibu sio unalolipima.

"Nasikia shaaa upande mwingine, tableti imeharibika"

Haijaharibika, ndo kelele yenyewe. Ila hapa ndo vipimo vingi vinakufa, maana maelezo kwenye skrini mara nyingi ni ya Kiingereza na mtu anaona mstari mmoja tu umepita. Wazee wanafanya mambo matatu: wanabonyeza kila kelele inapoongezeka wakidhani ndo mlio wenyewe, au wanasubiri kelele iishe ndo waanze kusikiliza (haiishi), au wanasogeza hedifoni upande wa kelele iwe mbali kidogo na sikio kwa sababu inawakera. Hili la tatu ni baya kuliko yote kwa sababu huwezi kuliona kwenye majibu, kelele imevuja nje, sikio zima limeachiwa huru na karatasi bado inasema limezugwa.

Bibi mmoja nilimwambia hivi kabla ya kuanza: "Shikamoo bibi, sikio hili litakuwa na upepo, kama mvua inanyesha kwenye bati. Mvua achana nayo. Mle ndani ya mvua kuna filimbi ndogo, hiyo filimbi ndo ubonyeze, hata ikiwa mbali sana." Akaniambia, "Mjukuu wangu, kwa nini hukusema mapema, wenzio kule walinipigia mvua tu wakaniandikia sisikii." Hakuna mtu aliyekuwa amemwambia mvua ni ya nini.

Kama apu inaruhusu, mpe dakika moja ya mazoezi na kelele ikiwa imewashwa. Usimfanyishe mazoezi bila kelele halafu umrushie kelele katikati ya mtihani.

"Bila kelele nilipata 60, na kelele nikapata 95, nishike ipi?"

Hapa tukae, maana ndo roho ya jambo lote.

Namba moja ya kelele haikuambii kitu. Unachotafuta ni kile kinachotokea kelele ikipandishwa hatua kwa hatua, njia aliyoiweka sawa J. D. Hood mwaka 1960 na mpaka leo mashine nyingi zinaizunguka hiyo hiyo. Mrudie fundi. Kushoto kwake ni 10, kulia bila kelele 60. Nilipomrudisha wiki iliyofuata, maskingi imewashwa na mi mwenyewe naendesha kwa mkono, nikaweka kelele ya 30 kushoto: kulia ikapanda mpaka 80. Nikaweka 40: kulia 90. Nikaweka 50: kulia 100, na hapo uso wake umeanza kukunjamana kwa sababu mtikisiko anausikia kwenye ngozi. 60: hamna jibu, mashine imefika mwisho. Umeona? Kila kelele ikipanda 10 na jibu linapanda 10. Maana yake aliyekuwa anajibu ni yule yule anayepigiwa kelele, sikio la kushoto linajitahidi kusikia juu ya makelele yake. Kulia hakuna mtu.

Sasa chukua mtu mwingine mwenye kulia ya 60 ya kweli. Kelele 30, anajibu 60. Kelele 40, 60. Kelele 50, 60 tena. Hapo pametulia kama uwanda, ukipata hatua tatu mfululizo zimegoma kusogea hiyo ndo namba yako na kelele iliyobaki haikuhusu. Ikisogea desibeli 5 tu mara kelele ilipowashwa na ikabaki hapo usihangaike, ubongo wenyewe unavurugika kidogo ukisikiliza vitu viwili, ni kawaida.

Kwa hiyo jibu la swali ni: fungua ripoti ndefu sio ile ya ukurasa mmoja wa rangi, utafute viwango vya kelele vilivyotumika. Kama 95 imetoka kwenye kelele moja tu na hakuna nyingine kabla wala baada, usiishike wala usiitupe, rudia.

"Mashine imeandika haikuweza kupata jibu"

Ukiona hivi kwa mtu mwenye usaha masikio yote mawili, mashine haijashindwa kazi, imekuwa mkweli. Hesabu ilivyo: masikio yote kwa hedifoni ni 60 kwa sababu ngoma zimetoboka, lakini koklea zote ndani ni nzima, 10. Ili kelele ifike ndani ya sikio la kushoto lililoziba inabidi uipige zaidi ya 60, tuseme 70. Ila 70 ukitoa 40 za fuvu ni 30, na hiyo 30 imeshavuka upande wa pili ikaingia kwenye koklea ya kulia inayosikia 10. Yaani umelizuga sikio unalolipima. Ukipunguza kelele haitoshi, ukiongeza inazidi, katikati hamna nafasi ya kusimama.

Dawa ya kitabuni ni iafoni za kuingia ndani kwa sababu fuvu linazuia zaidi, kale kanafasi kanapatikana. Lakini huyu mtu ana usaha! Huwezi kumchomeka sponji kwenye sikio linalotoa maji. Huyu anatakiwa akaushwe masikio kwanza na daktari wa masikio, pua na koo, kipimo baadaye. Nimeona watu wanarudia tableti mara nne wakitafuta namba iliyokaa vizuri, sasa ukiipata hiyo ya nne si umejidanganya tu.

"Kipimo cha mfupa kinasema masikio yote mazima"

Fanya hivi sasa hivi ulipo kaa. Ziba sikio la kulia kwa kidole, halafu guna mmmmm. Sauti imehamia wapi? Kulia, kwenye lile uliloliziba. Madaktari wanafanya hivyo hivyo kwa uma wa chuma unaolia ukigongwa, wa hezi 512, wanauweka katikati ya paji wanauliza unasikia upande gani.

Mambo mawili hapo. La kwanza, mtetemo kwenye mfupa hauna upande, kidude kikikaa nyuma ya sikio bovu koklea nzima ya ng'ambo inajibu bila jasho. Kwa fundi wangu kipimo cha mfupa cha kulia bila kelele kilitoa 10. Unaona hatari yake? Hewa (yaani kwa hedifoni) 60, mfupa 10, ukiisoma karatasi hiyo inakuambia koklea nzima, tatizo liko kwenye ngoma au vimifupa vya kati, huyu anaweza akafanyiwa upasuaji akasikia. Kumbe zote mbili, 60 na 10, ni za sikio la kushoto, moja imepita kwenye hedifoni nyingine imepita kwenye kidude. Mtu anaweza kupasuliwa sikio lililokufa kwa sababu ya karatasi ya hivi. Ndo maana kipimo cha mfupa bila kelele uwe unakisoma hivi tu: "koklea iliyo bora kati ya mbili inasikia hivi", upande usiutaje.

La pili, ukiziba sikio milio minene inaongezeka nguvu, na hedifoni ya kupigia kelele nayo inaziba. Kwa hiyo kwenye 250, 500 na 1000 lile sikio zima unalojaribu kulizuga umelipa msaada bila kujua, kelele inabidi iongezwe. Kuanzia 2000 kwenda juu haina shida. Ukiona mfupa umetoka mzuri ajabu kwenye milio minene tu halafu unaanguka ghafla, shuku hapo.

Na kuna mtego unaoziponyoka apu zinazolinganisha hewa kwa hewa tu. Kushoto hewa 40 kwa ajili ya usaha, kulia hewa 55. Tofauti 15, apu inasema hamna haja ya kelele. Lakini koklea ya kushoto kwa mfupa ni 5, na mlio ukivuka unaenda kwenye koklea, haupiti kwenye usaha. 55 kutoa 5 ni 50, imeshapita ile 40. Ilihitajika kelele. Apu isiyopima mfupa haina jinsi ya kujua hili, na simu nyingi hazipimi mfupa.

"Kushoto na kulia zimefanana kama mapacha"

Kabla hujafurahi nenda setingi za simu, upande wa ufikivu, uangalie kama sauti imewekwa mono. Mtu mwenye sikio moja huwa anaiweka mono makusudi asikose nusu ya muziki, na ni huyo huyo anayekuja kujipima. Kwenye mono mlio unatoka pande zote, kelele nayo inatoka pande zote, hamna unachopima. Hapo hapo kagua balansi iko katikati, zima ekwaliza na zile sauti za sinema, na kama ni waya chomeka pini mpaka mwisho usikie "tik". Namba zikiwa zimepishana tu, bovu limekuwa zima na zima limekuwa bovu, basi hedifoni imevaliwa kinyume, nyekundu ni kulia, hata mi nimefanya hilo kosa saa kumi jioni baada ya watu thelathini.

Bluetooth uikimbie kama apu haijaitaja. Inachelewesha mlio, mashine inadhani ulibonyeza kwa kubahatisha, na vingine vinajizima kwenye ukimya halafu vinakula mwanzo wa mlio mdogo.

"Milio minene mibaya, myembamba iko safi"

Chumba. Feni, jenereta la jirani, lori linapanda mlima, yote ni sauti nene na inafunika 250 na 500 kwanza. Au hedifoni haijakaa vizuri. Ushungi, kilemba, rasta, miwani, hereni kubwa, kila kimoja kinaacha mwanya. Mama wa ushungi usimwambie avue mbele za watu, tafuta mwenzie wa kike amsaidie kupitisha hedifoni kwa ndani, dakika moja imeisha. Mashine kama KUDUwave ya Afrika Kusini zina maikrofoni za kusikiliza kelele ya chumba wakati kipimo kinaendelea, kama ya kwako haina basi masikio yako ndo maikrofoni, ukisikia feni na mgonjwa anaisikia.

Kinyume chake, mzee mwenye milio myembamba iliyoharibika bila sababu inayoeleweka, angalia kama hedifoni inaminya sikio mpaka tundu linajifunga. Hutokea kwa masikio malaini. Jaribu iafoni za ndani uone kama namba zinashuka, yaani anasikia vizuri zaidi.

"Kila nikirudia linatoka jibu jingine"

Desibeli 5 juu chini sio tofauti, ni hatua moja ya mashine. Kipimo kinaanza 1000 kwenye 40 hivi, ukisikia kinashuka 10, usiposikia kinapanda 5, kwa hiyo kubabaika kwa 5 ni kawaida. Ikifika 15 au 20, uliza: umetoka kwenye sherehe yenye maspika jana usiku? Viwandani Marekani sheria inataka mtu awe mbali na kelele za kazini saa 14 kabla ya kipimo cha kwanza. Una nta? Masikio yanakupigia filimbi yenyewe? Kama ndiyo, chagua mlio wa kukatika katika, pi pi pi, usiufananishe na wa kwako. Na kama ni mtoto anabonyeza bonyeza tu, mashine nzuri inaweka ukimya wa mtego na kuhesabu mibonyezo ya uongo, itafute hiyo hesabu kwenye ripoti.

Ila kama anayebadilika ni sikio bovu tu na zima limetulia pale pale, rudi juu kwenye kelele.

"Kipimo cha tarakimu kimesema niko poa, ila upande mmoja sisikii"

Vile vya kusikiliza namba tatu ndani ya kelele, kama hearWHO, apu ya Shirika la Afya Duniani iliyotolewa 2019, vina uzuri wake, havisumbuliwi sana na aina ya hedifoni kwa sababu vinapima namba dhidi ya kelele. Lakini sauti ile ile ikienda masikio yote, sikio zima linafanya kazi yote na unafaulu vizuri tu. Watafiti wa Pretoria mwaka 2020 walionyesha kwamba ukigeuza wimbi la tarakimu kwenye sikio moja na kelele ukaiacha ilivyo, mwenye masikio mawili mazima anapata nafuu kubwa na mwenye moja haipati, ndo anaonekana. Apu isiyofanya hivyo, usiitumie kumtafuta mwenye sikio moja. Na usimpe mzee namba za Kiingereza halafu ukaandika hasikii.

Pa kuacha kujipima

Sikio moja limezima ghafla, leo au ndani ya siku tatu hizi, usirudie kipimo, usisubiri nta iyeyuke, nenda hospitali leo leo maana dawa za steroidi zinataka kuanzwa mapema. Sikio moja linashuka polepole na lina mlio wake au kizunguzungu, huyo naye ni wa daktari hata kama apu imempa kijani.

Ukienda beba ripoti ndefu, na uangalie alama kwenye mchoro kabla hujaikunja. Kwa alama za Kimarekani ambazo mashine nyingi zinatumia, duara ni kulia bila kelele, pembetatu ni kulia na kelele, X ni kushoto bila kelele, mraba ni kushoto na kelele. Daktari atatazama hapo kwanza. Karatasi ya kwanza ya fundi ilikuwa na miduara mitupu, pembetatu hata moja hamna, na chini yake kuna sahihi yangu.